Safu Tatu za Mlo wa Baba

Kisamvu kinapochemka kwa muda mrefu hutoa harufu mbili. Ya kwanza ni ya majani mabichi yaliyotwangwa, kali kidogo, kama nyasi zilizofyekwa asubuhi, na hiyo haikai sana. Ya pili huja taratibu, nzito, yenye kitu kama sabuni ndani yake, ikaingia kwenye nguo na nywele na khanga zilizoanikwa uani. Nina miaka ishirini na sita sasa, nimemaliza chuo, na bado harufu hiyo ya pili ikinifikia kutoka kwa jirani yetu hapa Kongowe, nainuka haraka. Nafunga dirisha. Nikishalifunga naanza kujiuliza kama jirani ameniona, na kama atadhani nimedharau mapishi yake, na kama nilifungue tena ili asidhani hivyo. Wakati naendelea kuwaza, kisamvu chake kimeshaiva na watu wamekula.

Nilikuwa na miaka kumi mwaka ule. Baba alikuwa fundi seremala, na karakana yake ilikuwa hapahapa Kongowe ya Kibaha, kando ya barabara kubwa. Alikuwa mtu wa nyama. Asubuhi, kabla hajashika randa, alikunywa supu ya kongoro na chapati kwenye mgahawa wa mama mmoja aliyemjua kiasi cha kumwekea mfupa wake pembeni. Mchana wali na nyama ya ng'ombe. Jioni alipita kwenye moshi wa mishikaki akarudi nyumbani vidole viking'aa mafuta. Mchicha ukiwekwa mezani aliusogeza kwa nyuma ya kijiko, kwa adabu kabisa, kama mtu anayempisha mgeni, akasema, "Hizi nyasi wape mbuzi, halafu mimi nitamla mbuzi." Tulicheka kila mara, hata mama, ambaye ndiye aliyekuwa ameupika.

Kuna jambo jingine kuhusu baba ambalo lazima nilieleze mapema. Hakuwa mwongo, lakini alikuwa na uongo mdogo wa kuwafurahisha watu, na uongo huo ulikuwa na alama yake: ulikuja na hesabu. Mama akimuuliza kama alikula chakula alichomfungia, na chakula chenyewe amewagawia paka wa karakana, alijibu, "Nimekula chote, zimebaki punje nne." Mteja akiulizia kabati ambalo hata mbao zake hazijakatwa, aliambiwa, "Limebaki misumari sita tu." Lakini akisema kweli, baba alitamka neno moja au mawili akanyamaza. Mimi niliijua alama hiyo kabla sijajua kusoma.

Mwezi wa kumi na moja alianguka karakanani akiwa ameshika randa. Presha. Alilazwa siku kadhaa, na siku ya kutoka mama alinichukua twende kumfuata. Walinikalisha kwenye benchi la nje, mlango ukabaki wazi kidogo. Nilimsikia daktari akisema, bila ukali, kama anayetaja hali ya hewa, "Mzee, dawa peke yake haitoshi. Sahani yako ibadilike. Ukianguka tena, siwezi kukuahidi kwamba tutakuamsha." Mama alitoka na karatasi mkononi, akanitabasamia kwa mdomo tu. Nilijifanya sikusikia. Hilo nadhani lilikuwa kosa langu la kwanza, kwa sababu mtu aliyejifanya hakusikia hawezi tena kuuliza.

Karatasi ile iliandikwa kwa mkono. Nyama nyekundu: mara chache, isiyo na mafuta. Chumvi: aache. Nafaka: dona, mtama, uwele, si sembe. Mboga za majani na kunde: kwa wingi. Niliisoma mpaka nikaijua kwa moyo. Kisha nikachukua daftari jipya ambalo lingekuwa la hisabati mwakani, nikapiga rula safu tatu kila ukurasa: Nyama, Nafaka, Mboga. Nilikuwa na hakika kwamba kila kinachoingia mdomoni mwa baba kina safu yake, na kwamba nikiziangalia safu vizuri, hataanguka.

Mama alikuwa karani katika ofisi moja ya Kibaha na mwezi wa kumi na mbili hawakutoa likizo. Ikaamuliwa baba akapumzike kwa mama yake, Bibi Zena, Maneromango wilayani Kisarawe, na kwa kuwa shule zimefungwa, mimi niende naye. "Wewe ndiye macho yangu," mama aliniambia akinifunga vifungo vya gauni, ingawa nilijua kufunga mwenyewe. "Asile nyama. Asitie chumvi. Akikudanganya, unipigie." Watu wazima husema maneno ya namna hiyo kwa watoto kisha wakaendelea na safari zao. Mimi niliyabeba mpaka Kisarawe, kwenye barabara yenye mashimo na matope mekundu, nikiwa nimelipakata daftari ili lisilowe.

Bibi alitupokea uani akiwa na unga wa muhogo mikononi. Nimepewa jina lake, kwa hiyo yeye aliniita somo, na baba, ambaye hawezi kutamka jina la mzazi wake ovyo, tangu nizaliwe aliniita mama. Bibi alimzunguka mwanawe mara moja nzima, akimtazama kama mbuzi wa kununua.

"Mimi niliwapa mzima," alisema. "Kibaha wananirudishia nusu."

"Shikamoo, mama," baba akasema.

"Marahaba. Kaa chini usije ukaiangukia miche yangu."

Bibi hakujua kusoma, lakini nilipomsomea karatasi alisikiliza mpaka mwisho mikono ikiwa kiunoni, akaridhika. Karatasi ilikuwa imemuunga mkono katika mambo aliyoyasema miaka yote. Dona alikuwa nalo. Mtama aliupata kwa jirani. Mboga hakununua: vuli ilikuwa imenyesha na shamba lilijaa kisamvu, majani ya kunde, matembele, mlenda uliojiotea wenyewe pembeni mwa njia. Bucha halikuwapo karibu. Chumvi aliiondoa siku ileile, akaifunga kwenye kitambaa na kuiweka juu ya kenchi, mahali ambapo hata yeye alihitaji kiti kuifikia. Nikaandika kwenye daftari: Nyama, hakuna. Nafaka, ugali wa dona. Mboga, kisamvu.

Baba aliteseka. Sisemi kwa kutia chumvi, kwa sababu chumvi ndiyo ilikuwa tatizo. Alilimega tonge la dona akalitazama, akasema chakula hiki mara ya mwisho alikutana nacho shule ya bweni na waliachana vibaya. Kisamvu kisicho na chumvi alikitafuna muda mrefu, koo likakataa, akanywa maji. "Mama," aliniambia siku ya tatu, Bibi akiwa shamba, "haya majani yananikwaruza. Nitakufa kwa kukabwa kabla ya presha." Alikuwa anatania. Lakini neno kufa lilikuwa limetoka, na mimi sikuwa mtoto wa kuliacha neno kama hilo lipite. Alipunguza kula. Mbavu zake zikaanza kuonekana akivua shati kuoga. Nikawa sasa na hofu mbili: kwamba atakula vibaya, na kwamba hatakula kabisa.

Kazi ya kukaa na chungu ilikuwa yangu, kwa sababu Bibi alikwenda shamba alfajiri. Alinionesha yote mara moja tu, kwa haraka, kama mtu anayeonesha jambo ambalo kila mwanamke huzaliwa analijua. Unatwanga, unabandika, unaacha kichemke. Kisha magadi. Alikuwa na bonge la magadi kwenye kopo, jeupe lenye kijivu, kama jiwe lililoanza kuoza. Alivunja kipande kidogo kama kucha ya kidole gumba, akakiloweka kwenye kikombe, akasubiri uchafu utuame, kisha akamimina yale maji ya juu, matone tu. "Hiki ndicho kinachoyalainisha," alisema. "Bila hiki utatafuna mpaka Idi."

Nililielewa neno lile la kulainisha kwa namna yangu. Siku iliyofuata nilivunja kipande kikubwa zaidi. Kisamvu kikaiva upesi, laini kama uji, na rangi yake ikabaki kijani cha kupendeza. Baba alionja. Akaonja tena. Akainua uso. "Leo imekolea hii," alisema, akavuta sahani karibu. Sijui kama nimewahi kufurahi hivyo tena, hata siku ya mahafali. Kesho yake nikaongeza. Nikatia kwenye majani ya kunde, nikatia kwenye mlenda, nikatia kwenye matembele ambayo wala hayahitaji. Ilipofika wiki ya pili nilikuwa namimina nusu kikombe, na Bibi akirudi jioni amechoka alikula chake bila kusema neno, ila mara moja alisema, "Somo, leo tumepika au tumefua?" Nilicheka. Nilidhani ni utani wake wa kawaida.

Kila Jumatatu tulikwenda zahanati kupima. Nesi alikuwa mama mnene mpole aliyefunga ule mkanda kwenye mkono wa baba, akabana pumzi yake mwenyewe akiutazama mshale, na mimi nilibana yangu. Jumatatu ya kwanza presha ilikuwa imeshuka kidogo. Baba akamwambia Bibi njiani kwamba nyasi zimefanya kazi. Jumatatu ya pili ilikuwa imepanda. Nesi aliuliza kama dawa anakunywa. Anakunywa, mimi ndiye niliyempa, na maji nikamshikia. Ya tatu ilipanda zaidi, na nesi alipima mara mbili mikono yote miwili, kisha akaandika kwenye kadi bila kututazama.

Nililala na daftari lile kifuani. Safu ya Nyama ilikuwa tupu kwa wiki tatu. Nafaka sawasawa. Mboga zimejaa mpaka pembezoni. Kama kila kilichoandikwa ni kizuri na mtu anazidi kuumwa, basi kuna kinachoingia bila kuandikwa. Hivyo ndivyo nilivyowaza, na mpaka leo sioni kosa katika mawazo hayo. Kosa lilikuwa mahali nilipokwenda kutafuta.

Kila Jumamosi kulikuwa na gulio, na baba alikwenda kunyoosha miguu. Jumamosi ile aliporudi nilimpokea shati lake nikalinusa kabla ya kulitundika. Moshi. Pilipili. Kwenye mfuko wa kifuani kulikuwa na kijiti chembamba, kimeungua ncha moja, cha mshikaki. Nilikaa nacho nyuma ya choo muda mrefu. Nilijiambia huenda ni cha mtu mwingine. Nilijiambia nikinyamaza na akaanguka, mimi ndiye nitakuwa nimemwangusha. Nikachukua simu ya Bibi, kile kitochi chake, nikapanda mpaka penye mtandao karibu na mikorosho ya jirani, nikampigia mama. "Baba anakula nyama," nilisema. Upande wa pili mama akasema, "Nakuja."

Alifika Jumapili mchana, viatu vya ofisini vimejaa matope, akiwa bado amesimama akaweka kijiti kile mkekani mbele ya baba. Nilikuwa nimempa mimi, nilipomkimbilia njiani.

"Baba Zena, mimi nafanya kazi ya watu wawili ili wewe upone."

Baba alikitazama kijiti. "Nilichokonolea meno."

"Meno yenye nini?"

"Muhogo wa kuchoma."

"Na moshi?"

"Wanachoma pamoja."

"Ulikula nyama?"

"Sijala."

Bibi aliingilia kwa kusema mwanawe hakulelewa kudanganya, na mama akajibu, kwa heshima, kwamba hata hiyo nazi inayotiwa kwenye mboga daktari alisema kidogo, na Bibi akasema nyama za Kibaha ndizo zilizomfikisha hapo na si nazi ya Maneromango. Waliendelea hivyo, mmoja upande wa mkeka na mwingine upande wa kinu. Baba alikuwa ananitazama mimi. Hakuwa na hasira. Alisema "Sijala," neno moja. Hakutaja vijiti viwili, hakutaja vipande vitano. Nililisikia hilo. Naapa nililisikia, mimi niliyeijua alama yake tangu utotoni, nikaliweka kando kwa sababu daftari lilikuwa limeshanipa jibu jingine.

Jioni ile baba alikula. Nadhani alikula ili kutuonesha. Alimaliza sahani nzima ya majani ya kunde niliyoyapika mimi, akaiegemeza ili tuione ilivyo safi.

Asubuhi ya Jumatatu nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda akihangaika na kifungo cha shati. Mkono wa kushoto ulikuwa unakifikia kifungo lakini vidole havikishiki, vinateleza kama vya mtoto mchanga. Aliponiona alijaribu kucheka na upande mmoja wa mdomo ukachelewa. "Mama," alisema kwa ulimi mzito, "hebu nifungie."

Jirani alileta pikipiki, mama akakaa nyuma kumshikilia, mimi na Bibi tukakimbia kwa miguu. Tulipofika zahanati nesi alikuwa ameshapima na gari la kumpeleka hospitali lilikuwa limeitwa. Wakati tunalisubiri aliuliza, kwa haraka, anakula nini. Mama akanitazama. Nilifungua daftari nikasoma: dona, uji wa mtama, kisamvu, kunde, mlenda. Nilisoma vizuri, kwa sauti ya darasani. Nesi akatikisa kichwa. "Chumvi?"

"Hakuna hata punje," Bibi alisema.

"Mboga mnaunga na nini?"

"Tui kidogo," nikasema. "Na magadi."

Nesi aliacha kuandika. "Magadi kiasi gani?"

Nilimwonesha kwa vidole kimo cha nusu kikombe. Nilikionesha kwa fahari, Mungu anisamehe. Nilidhani hatimaye kuna mtu anayeuliza jinsi ninavyopika. Bibi alinigeukia. "Kikombe? Somo, mimi nilikuonesha kikombe?" Nesi akavuta pumzi, akasema taratibu, akimtazama Bibi na si mimi, kwamba magadi na chumvi ni ndugu wa tumbo moja, kwamba kwa mgonjwa wa presha ukikitoa hiki ukamrundikia kile hujatoa kitu. Daftari lilikuwa wazi mapajani mwangu na nilitazama zile safu tatu. Magadi si nyama, si nafaka, si mboga. Sikuyapigia rula, kwa sababu kwangu hayakuwa chakula.

Bibi ndiye aliyezungumza kwanza. "Mimi ndiye niliyemfundisha," alimwambia nesi. "Andika hivyo." Kisha akanivuta akanifunika kwa khanga yake yote, kichwa na macho, na ndani ya giza lile la khanga nilisikia gari linafika, milango inafungwa, gari linaondoka.

Baba hakufa. Ulimi ulirudi baada ya wiki chache, mdomo ukanyooka. Vidole viwili vya mkono wa kushoto havikurudi sawasawa. Fundi seremala hushika msumari kwa mkono wa kushoto na nyundo kwa wa kulia, kwa hiyo siku hizi anapima na kuchora, na wengine ndio wanaopigilia. Nyumbani magadi hayakuingia tena. Jambo lenyewe halikutajwa. Mama hakuwahi kumwambia baba kwamba alimtuhumu bure, kwa sababu hakuna aliyejua kama ilikuwa bure. Nesi hakusema ni magadi peke yake. Huenda dawa hazikuwa zimemfaa. Huenda ni ugomvi wa siku ile. Huenda alikula mishikaki kila Jumamosi. Nimeyapanga haya "huenda" kwa miaka kumi na sita, nayapanga nikiwa naoga, niliyapanga katikati ya mitihani ya chuo, na kila nikiyapanga moja linabaki juu.

Siku hizi nasubiri majibu ya maombi ya kazi, kwa hiyo jiko ni langu. Simu yangu imejaa watu wanaojua chakula kuliko yule daktari wa karatasi. Mmoja anasema nafaka zote ni sumu, tule nyama na mafuta yake. Mwingine, mwenye nguo nyeupe na kipimo cha daktari shingoni, anasema nyama inaoza tumboni, tule majani. Wa tatu anauza unga wa mbegu saba. Kila mmoja ana safu zake, zimepigwa rula vizuri kuliko zangu, na kila mmoja ana uhakika ule niliokuwa nao mimi nikiwa na miaka kumi. Mimi nanunua dona, nanunua mchicha, siku mojamoja nusu kilo ya nyama isiyo na mafuta, kisha nasimama mbele ya sufuria nikiwa na wasiwasi na vile vitu ambavyo hakuna anayevitaja: kijiko hiki, maji haya, kiungo hiki cha pakiti nimekitia mara moja au mara mbili?

Wiki iliyopita nilimpakulia baba chakula cha mchana. Mama alikuwa hajarudi. Sijui nilipata wapi ujasiri. Nadhani ni jirani, alikuwa amebandika kisamvu chake na nilikuwa sijafunga dirisha. Baba naye aliinusa ile harufu. Niliona kijiko chake kimesimama.

"Baba," nikasema, "kule Maneromango. Ile Jumamosi ya gulio. Ulikula nyama?"

Alinitazama kama alivyonitazama mkekani mwaka ule. Kisha akaanza kucheka, akaweka kijiko chini, akafuta mdomo kwa mkono wa vidole viwili vilivyopinda.

"Nilikula, mama," alisema. "Mishikaki mitatu. Kila kijiti vipande vitano, na cha mwisho nikaongezewa kimoja, vikawa kumi na sita. Na chumvi nilichovya mara nne."

Nje kisamvu cha jirani kiliendelea kuchemka. Nilimwongezea mchicha, upawa mmoja, na baba akaula wote bila kuusogeza pembeni.